Probox U340E inapiga teke gia ya kwanza kwenda ya pili likishapata moto: giaboksi imekufa au ni presha?

dereva_wa_barani (Malindi)

Salaam aleikum mafundi na madereva. Nina Probox ya injini ya 1NZ, giaboksi otomatiki ya gia nne, si CVT (ile ya mkanda isiyo na gia). Kwenye kibati, mstari wa TRANS/AXLE, pameandikwa U340E.

Asubuhi likiwa baridi linabadilisha gia laini kabisa, husikii chochote. Likishapata moto, tuseme umetoka mjini mpaka Gede ukarudi, mambo yanageuka. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili linachelewa, rpm (mizunguko ya injini) zinapanda bila gari kuongeza mwendo, halafu linapiga teke mpaka abiria wanayumba. Ya pili kwenda ya tatu si mbaya sana. Tena nikiwa nimesimama nikatoa N kuweka D, linangoja kidogo ndipo linagonga.

Taa ya O/D OFF, inayometameta giaboksi ikiwa na hitilafu, haimetimeti na ya injini haijawaka. Oili ya giaboksi ilibadilishwa gereji moja, ikatolewa kwenye pipa, aina yake sikuambiwa. Sasa ina rangi ya kahawia. Nimepima gari likiwa la moto, kijiti kinasoma kwenye alama za COOL.

Fundi aliyelitazama anasema giaboksi imekwisha, niende Mombasa nikatafute ya mtumba. Kabla sijatoa pesa nataka kujua: teke hili ni la presha? Na presha ya giaboksi inapimwaje?

fundi_muyeye

Waaleikum salaam. Usinunue giaboksi bado, hakuna aliyepima kitu hapo.

Kwanza tutenganishe jambo ambalo mafundi wengi wanalichanganya. Teke ni la aina mbili, na dawa zake zinapingana.

Kuna teke la presha kubwa. Gia inaingia kwa wakati wake, haraka, lakini kwa nguvu kupita kiasi. Rpm hazipandi hata kidogo kabla ya teke. Mara nyingi linapiga gia zote, likiwa baridi na likiwa moto, na huenda taa ikawaka.

Halafu kuna teke la presha ndogo. Gia inachelewa, injini inalia juu bila mwendo, klachi za ndani zinateleza, kisha zinashika kwa mkupuo. Hili huzidi oili ikipata moto, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na inapenya kwenye kila mwanya uliolika. Maelezo yako yote yanaelekea hapa. Sasa ukimpata mtu akakuambia "punguza presha ili gia iingie laini", klachi zitaungua kabla hujafika Kilifi.

Kwa nini presha ndogo ilete teke kubwa? Hapa ndipo pa kuelewa vizuri.

Pampu iko mbele ya giaboksi, inazungushwa na toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo injini ikizunguka tu, pampu inasukuma oili. Oili hiyo inafika kwenye valvu kuu ya kurekebisha presha ndani ya valvu bodi (bodi yenye njia za oili na valvu zake). Valvu hiyo ina springi upande mmoja, na inaongezewa nguvu na presha inayotoka kwa solenoidi (valvu inayoendeshwa kwa umeme) iitwayo SLT. Kompyuta ndiyo inayoamua: ukikanyaga mafuta kidogo inataka presha ndogo ili gia iingie taratibu, ukikanyaga sana inapandisha presha ili klachi zibane mzigo bila kuteleza. SLT inafanya kazi kinyume na watu wanavyodhani. Umeme ukiongezeka presha inashuka, na umeme ukikatika kabisa presha inapanda hadi mwisho. Waliitengeneza hivyo makusudi, waya ukikatika njiani gari lipige teke lakini klachi zisiungue.

Presha hiyo kuu inapita kwenye valvu za kubadilisha gia, kisha kwenye matundu membamba na gololi za njia moja, ndipo iende kwenye klachi au breki ya gia husika. Pembeni ya njia kuna akumuleta, yaani pistoni yenye springi ndani ya kisima chake. Gia ikianza kuingia, oili inasukuma pistoni hiyo huku inabana klachi. Muda ambao pistoni inasafiri ndio muda ambao presha ya klachi inapanda pole pole, na ndio ulaini wenyewe wa gia. Sasa kama oili inavuja mahali, au presha kuu ni ndogo, klachi inakuwa bado inateleza wakati pistoni ya akumuleta imekwisha safari yake. Kuanzia hapo hakuna tena cha kupooza. Presha inaruka mara moja mpaka juu, klachi inashika kwa ghafla, nawe unasikia teke.

Kwa hiyo fanya haya mawili kwanza, hayana gharama.

La kwanza ni kiwango cha oili. Umesema kijiti kinasoma COOL gari likiwa la moto. Hiyo ni oili pungufu, bwana! Alama za COOL ni za kukadiria tu baada ya kumimina. Kipimo chenyewe ni oili ikiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80, gari sehemu tambarare, injini inanguruma, breki umekanyaga. Pitisha mkono wa gia pole pole P mpaka L, kila nafasi uache sekunde chache, rudisha P. Chomoa kijiti, pangusa, rudisha, chomoa tena. Isome ndani ya HOT. Ikipungua pampu inafyonza hewa, na hewa inabanyika, kwa hiyo presha inayumba. Ikizidi pia ni hasara, gia zinaikoroga inakuwa povu na matokeo ni yale yale.

La pili, pima muda wa kuingia gia. Oili ya moto, injini haijakanyagwa, kiyoyozi kimezimwa, hendibreki juu na breki ya mguu chini. Toa N weka D, hesabu kwa saa ya simu mpaka usikie gari limeshika. Rudisha N, ngoja dakika moja, rudia. Fanya mara tatu uchukue wastani. N kwenda D isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5.

Lete majibu.

waya_na_sensa

Naongezea upande wa umeme, maana hapo ndipo solenoidi nzima nyingi zinatupwa bure.

SLT ya U340E inapimwa kwa multimita kwenye pini zake mbili, na kitabu kinataka 5.0 hadi 5.6 ohm. Lakini soma mstari mzima: ni kwa joto la nyuzi 20. Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Solenoidi iliyolala usiku mzima Malindi kwenye nyuzi 30 na kitu inasoma karibu 5.3 hadi 5.9 ikiwa nzima kabisa. Ukiipima ndani ya oili ya nyuzi 80, itasoma takriban 6.2 hadi 6.9, na bado ni nzima. Fundi asiyejua hili anaona 6.5 anasema solenoidi imekufa. Kinachotisha ni ukinzani usio na mwisho (waya umekatika), ulio karibu na sifuri (imeshoti), au unaorukaruka ukitikisa waya.

Zile solenoidi za kuwasha na kuzima tu, S1 na S2, zinataka 11 hadi 15 ohm kwa joto lile lile la nyuzi 20. Hizo unaweza kuzigusisha volti 12 na kusikia "tak". SLT USIIGUSISHE betri moja kwa moja. Ohm 5 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampia 2, koili itaungua. Pitisha kwanza kwenye balbu ya wati 21, ile ya indiketa, iwe mfululizo na solenoidi. Hapo umeme unakuwa kama ampia moja. Ukiunganisha, kishina cha valvu kisogee, ukikata kirudi. Kikisita, kuna uchafu au kimelika.

Mambo mengine matatu ya kutazama kabla hujafungua chochote:

Soketi ya waya kwenye giaboksi. Magari yanayolala karibu na bahari, na hasa yanayopeleka mizigo Gongoni kwenye chumvi, pini zinaota kutu ya kijani. Ichomoe, isafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kaza pini zilizolegea. Na waya wa athi wa injini na giaboksi usisahau.

Sensa ya hewa. Kompyuta inakisia mzigo wa injini kwa hewa inayoingia na jinsi ulivyokanyaga. Sensa ikiwa na vumbi inaripoti hewa kidogo, kompyuta inadhani mzigo ni mdogo, inaagiza presha ndogo. Isafishe kwa dawa yake tu, usiiguse kwa kitambaa wala brashi.

Ukiwa na skana inayosoma data ya Toyota, tazama NT, mwendo wa shafti ya kuingilia giaboksi. U340E ina uwiano wa 2.847 gia ya kwanza na 1.552 ya pili. Kwa hiyo NT ikiwa 3000 wakati wa kubadilisha, inatakiwa ishuke moja kwa moja mpaka karibu 1635. Ikipanda kwanza 3200 au 3300 ndipo ishuke, klachi inateleza, na hilo ni teke la pili alilolieleza fundi_muyeye. Ikishuka kwa kukatika ghafla bila kupanda, ni lile la kwanza. Hapo hubahatishi tena.

Kodi za hitilafu za SLT ni P2714 kwa utendaji na P2716 kwa umeme. Zisomeshe hata kama taa haijawaka, huenda kuna kodi inayosubiri.

dereva_wa_barani

Ahsanteni sana. Majibu haya hapa, yote oili ikiwa ya moto:

N kwenda D wastani ni sekunde 1.9. N kwenda R ni 2.1. Hakuna kodi yoyote, hata ya kusubiri. NT ilifika 2900, ikapanda karibu 3250, ndipo ikaanguka. SLT ilisoma 6.4 ohm, kwa hiyo kwa hesabu yako ni nzima. Soketi ilikuwa na ukijani kidogo, nimeisafisha, hali haikubadilika.

Sijaongeza oili kwa sababu sijui iliyomo ni aina gani. Niweke ipi?

bara_na_pwani (Mokowe)

Usiongeze juu ya oili usiyoijua. Imwage.

Tazama aina iliyoandikwa kwenye kijiti chenyewe au kitabu cha gari. Toyota za miaka hiyo nyingine zinataka Type T-IV, nyingine WS. Hazibadilishani. WS ni nyepesi zaidi, na kila moja ina kemikali zake zinazoamua klachi ishike vipi. Ukiweka oili ya pipa isiyo na jina, klachi inaweza kushika kwa kukwaruza hata presha ikiwa sawasawa. Na oili ya CVT isikaribie hapo.

Kumwaga kwa bolti ya chini kunatoa karibu lita 3, iliyobaki iko ndani ya toki konveta na njia zake. Kwa hiyo kila ukimwaga unabadilisha karibu nusu. Mwaga, jaza kiasi kile kile ulichotoa (kipime kwenye ndoo yenye alama, usikisie), endesha kilomita kadhaa huku ukipitia gia zote, mwaga tena. Ukifanya mara tatu umebakiza kama sehemu moja ya nane ya oili ya zamani. Andaa lita 9 au 10.

Kabla ya hapo chovya tishu kwenye oili hiyo uliyonayo, uitazame mwangani. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni joto na klachi. Vimetameta vya fedha ni chuma. Ikiwa na rangi ya waridi iliyopauka kama maziwa, basi maji yameingia, na huku kwetu hilo lina njia mbili.

Njia moja ni rejeta. Kipozeo cha oili ya giaboksi kiko ndani ya tangi la rejeta. Ukijaza rejeta kwa maji ya kisima yenye chumvi, kutu inakitoboa kipozeo kwa ndani. Injini ikizimwa maji yanaingia kwenye oili. Gundi inayoshikilia nyuzi za klachi haivumilii maji, zinaanza kubanduka. Giaboksi ya namna hiyo haitibiwi kwa kubadilisha oili peke yake: rejeta inabadilishwa kwanza, na mara nyingi klachi zimekwisha kuharibika. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi.

Njia nyingine ni barabara ya Garsen kuja Lamu wakati Tana imefurika. Giaboksi ina tundu la kupumulia kwa juu. Ukiingia kwenye maji ya kina na giaboksi ya moto, inapoa ghafla na kuvuta hewa. Tundu likiwa limezama, inavuta maji badala ya hewa.

Kama hakuna maji, hakikisha rejeta haijaziba kwa nje pia. Mchanga wa Mambrui na wadudu wakijaa katikati ya mapezi, oili ya giaboksi nayo haipoi. Oshea kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maji ya presha ndogo.

kasi_express

Mbona hizo hatua ndefu? Kuna mashine ya kusafisha giaboksi, inasukuma oili mpya kwa presha na kutoa chafu yote mara moja. Na kuna dawa za chupa za kulainisha gia, zinauzwa.

fundi_muyeye

kasi_express, kwa giaboksi ambayo tayari inateleza, mashine ya kusukuma kwa presha nakataa. Inang'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye matundu membamba ya valvu bodi, ambako chembe ndogo tu inatosha kusimamisha valvu. Dawa za chupa zinabadilisha mshiko wa klachi na kulainisha mipira, lakini haziwezi kurudisha chuma kilicholika. Kama tatizo ni presha, zinakufichia kwa muda tu huku klachi zinaendelea kuungua.

dereva_wa_barani, majibu yako yananyooka vizuri. NT imepanda, N–D imechelewa na R nayo imechelewa. D na R zinatumia klachi tofauti. Zote zikichelewa, chanzo kiko kabla ya njia kugawanyika: oili pungufu, chujio, pampu, valvu kuu ya presha au SLT. Kama ingekuwa D peke yake ningeshuku klachi ya mbele na mipira yake. R peke yake, ningeshuku njia ya rivasi.

Sasa pima presha yenyewe, hata kabla ya kumwaga oili, ili uwe na kipimo cha kulinganishia. Unahitaji geji ya mpaka 300 psi, hosi ndefu ya kufika kwenye kiti cha dereva, na nipeli inayoingia kwenye tundu la plagi ya kupimia kwenye bodi ya giaboksi. Usilazimishe uzi usiolingana, alumini inakatika kirahisi. Fungua plagi injini ikiwa imezimwa, funga nipeli na geji, pasha oili ifike nyuzi 50 hadi 80. Pitisha hosi mbali na shafti na ekzosi.

Zuia magurudumu yote manne, hendibreki juu, mguu wa kushoto kwenye breki kwa nguvu, mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari. Soma D injini ikiwa haijakanyagwa. U340E inatakiwa iwe karibu 54 hadi 60 psi. Soma R, lazima iwe juu ya D waziwazi. Kisha kwenye D kanyaga mafuta mpaka mwisho, soma, achia. Isizidi SEKUNDE 5, kwa sababu nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya toki konveta. Presha hapo inatakiwa ipande zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Weka N, iache injini ingurume dakika moja au zaidi kabla ya kurudia. Magurudumu yakizunguka au injini ikilia bila kikomo, achia hapo hapo.

Unaposoma presha, itazame sindano yenyewe. Sindano inayotetemeka haraka ni dalili ya hewa, yaani oili pungufu au chujio linalovuta hewa pembeni. Sindano iliyotulia chini ni uvujaji au valvu iliyokwama.

Ukimaliza kupima, shusha pani (bakuli la oili chini ya giaboksi). Sumaku zilizomo chini zina unga mweusi laini, hilo ni la kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si vya kawaida, wala vipande vyeusi vya karatasi ya klachi. Badilisha chujio na mpira wake. Gasketi ya pani iweke kavu bila silikoni, maana inayobaki inaminyika kwa ndani, inakatika, na inaenda kukaa kwenye chujio. Bolti za pani zikazwe kwa karibu 8 Nm tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa msalaba. Wanaokaza kwa nguvu za mkono wanapinda pani, halafu wanalaumu gasketi.

dereva_wa_barani

Nimefanya yote. Kabla ya oili, likiwa moto: D 43 psi na sindano inatetemeka, R 60, D kwa kukanyaga 101.

Pani haikuwa na vipande, unga tu. Chujio lilikuwa zito, na mpira wake ulikuwa umekatika upande mmoja. Nimeweka T-IV kama kijiti kinavyosema, kwa awamu tatu. Sasa likiwa moto D ni 51, sindano imetulia, R 74, kukanyaga 124. Likiwa baridi D inafika 58. N–D imekuwa sekunde 1.3. Teke limepungua sana lakini likitembea mpaka Watamu na mzigo, kwanza kwenda pili bado kuna kakitu, NT inapanda kama 100.

fundi_muyeye

Mpira uliokatika ndio uliokuwa unaingiza hewa. Kilichobaki ni tofauti ya 58 baridi na 51 moto. Pampu iliyochoka nayo inaweza kushusha presha hivyo, ila valvu bodi inafunguliwa kutoka chini bila kushusha giaboksi, kwa hiyo tuanzie huko. Ninachokishuku kwanza ni valvu kuu ya presha iliyolika kwenye tundu lake, au SLT iliyochoka kwa ndani ingawa koili ni nzima. Ile 124 ya kukanyaga inaonyesha SLT bado inaitika amri, kwa hiyo natazama valvu kwanza.

Kushusha valvu bodi si kazi ya chini ya mwembe kwenye upepo wa mchanga. Tafuta chumba kilichofungwa na meza iliyopanguswa. Kabla ya kuigusa piga picha, na kila bolti iweke kwenye kadibodi iliyochorwa umbo la valvu bodi, kwa sababu zina urefu tofauti. Iliyo ndefu ukiiweka penye fupi inapasua bodi. Legeza kutoka nje kuelekea katikati. Ikianza kushuka ishike kwa mikono miwili, na pistoni za akumuleta na springi zake zikianguka ujue ipi ilitoka wapi. Springi hazilingani, na ukizibadilisha umebadilisha ulaini wa kila gia.

Pistoni za akumuleta zitazame mipira yake. Ikiwa migumu, bapa au imechanika, weka mipya ya oili ya giaboksi, si ya maji. Hiyo ni bei ndogo, na wakati mwingine kakitu kalikobaki kanatoka hapo. Visima vya pistoni vipitishe kidole: mkwaruzo unaoshika ukucha ni uvujaji.

Ukitenganisha nusu mbili za valvu bodi, inua pamoja na bamba la katikati uligeuze juu chini, ndipo ulifungue, gololi zisimwagike. Chora kila gololi ilipokuwa. Gololi moja ikikosewa mahali, gia moja itapiga au haitaingia kabisa. Osha kwa petroli safi au dawa ya breki, kausha kwa hewa ya kompresa. Kitambaa cha pamba hapana, nyuzi zake zinasimamisha valvu.

Kisha jaribio la valvu. Ipake oili mpya, iweke mdomoni mwa tundu lake, simamisha bodi wima. Ishuke yenyewe kwa uzito wake, bila kusukumwa. Ikikwama, tafuta kikwaruzo. Usisugue kwa msasa wa kawaida, unaondoa ngozi ngumu ya juu na kesho italika upesi zaidi. Na ikishuka vizuri lakini ukiitikisa kwa pembeni inacheza, tundu limepanuka. Tundu la alumini lililopanuka halina ukarabati wa mkono. Hapo ni valvu bodi nyingine ya U340E, ikaguliwe kwa jaribio hili hili kabla hujailipia. Hata hivyo ni rahisi kuliko giaboksi nzima, na ile ya mtumba ukiinunua hujui valvu yake imelikaje.

Kurudisha: bolti kwa mkono kwanza zote, halafu 11 Nm kuanzia katikati kwenda nje. Mkono wa valvu ya gia uingie kwenye pini yake, ukikosa gari halitajua R wala D.

waya_na_sensa

Ukimaliza, kumbukumbu za mafunzo ya gia kwenye kompyuta zifutwe kwa skana kama gari lako lina sehemu hiyo. Kuchomoa betri hakuzifuti kwenye Toyota zenye utaratibu huo. Zikibaki za zamani, kompyuta itaendelea kuagiza presha kwa makosa ya valvu uliyoitupa.

dereva_wa_barani

Nimeelewa. Swali la mwisho: mpaka nipate valvu bodi, naweza kulifanyia kazi?

fundi_muyeye

Unaweza, kwa masharti. Safari fupi, mzigo mwepesi, mguu mwepesi kwenye mafuta mpaka gia ya pili iingie. Usipeleke mzigo Marafa, kupanda na kushuka kule kunachosha klachi. Kwenye foleni ndefu weka N ili oili ipoe. Pima N–D kila wiki oili ikiwa ya moto: ikirudi juu ya sekunde 1.5, au NT ikipanda zaidi ya 200, lisimamishe. Kutoka hapo kila gia unayobadilisha inakula klachi, na klachi zikiisha valvu bodi mpya haitakusaidia.